Bakaa ya mwaka jana haikai kwenye mapato

Kuna mstari mmoja kwenye bajeti za mashirika yasiyo ya faida ambao huleta usumbufu kuliko mingine yote. Unakaa upande wa mapato, chini ya ruzuku na michango, na umeandikwa "Bakaa ya mwaka jana". Aliyeuweka hakuwa na nia mbaya. Shirika lilifunga mwaka likiwa na fedha mkononi, mwaka huu matumizi yamezidi mapato, bodi inataka bajeti iliyosawazika, basi pengo likazibwa kwa bakaa. Karatasi inapendeza, na kikao kinaipitisha.

Shida huanza robo ya kwanza, bajeti inapolinganishwa na hesabu halisi. Fedha hizo zilishaandikwa kuwa mapato mwaka jana. Mwaka ulipofungwa, akaunti zote za mapato na matumizi zilirudi sifuri, na tofauti yake ikahamia kwenye mali halisi (mali zote ukitoa madeni), upande wa mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya shirika. Hakuna muamala wowote wa mwaka huu utakaoirudisha kwenye mapato. Kwa hiyo safu ya "halisi" kwenye mstari huo itasomeka sifuri Januari mpaka Desemba, na kila ripoti itaonyesha kwamba shirika halifikii makisio yake ya mapato, hata kama kila mfadhili ameleta alichoahidi.

Hapo ndipo mtu hushawishika kuandika jono, yaani ingizo la kurekebisha vitabu: debiti mali halisi, krediti mapato mengineyo. Ripoti inatulia, lakini vitabu vimeharibika. Fedha ileile sasa imehesabiwa kuwa mapato mara mbili, katika miaka miwili tofauti. Salio anzia la mali halisi halilingani tena na salio ishia lililo kwenye hesabu zilizokaguliwa, na hicho ni kati ya vitu vya kwanza ambavyo mkaguzi huvitazama. Tena, pale ambapo ada ya usajili au ulazima wa kukaguliwa hutegemea ukubwa wa mapato, shirika linaweza kujikuta limevuka kiwango kwa mapato ambayo hayakuwepo.

Mahali pake sahihi ni chini ya mstari wa jumla. Bajeti ionyeshe mapato ya mwaka huu peke yake, matumizi ya mwaka huu yote, nakisi inayotokana na hayo mawili, kisha chanzo cha kuziba nakisi hiyo:

Mapato ya mwaka: 240,000
Matumizi ya kawaida: 240,000
Matumizi ya mara moja: 11,000
Nakisi iliyopangwa: (11,000)
Matumizi ya akiba yaliyoidhinishwa: 11,000
Salio: 0

Wajumbe wengi huogopa kuona nakisi kwenye karatasi, na wapo waandishi wa bajeti wanaoificha ili kuwatuliza. Naona huko ni kuwakosea heshima. Mjumbe wa bodi ana haki ya kujua kwamba mwaka huu shirika linakula akiba yake, kiasi gani, na kwa lipi. Nakisi iliyopangwa na kuidhinishwa ni uamuzi halali kabisa. Ya kuogopa ni ile inayogundulika Novemba.

Swali zito zaidi ni hili: kweli kuna kiasi gani? Taarifa ya mapato na matumizi ikisema ziada ni 38,000, haimaanishi kuna 38,000 za kutumia. Tarakimu hiyo inachanganya fedha zenye masharti, yaani ambazo mfadhili amezifunga kwa kazi au muda maalumu, na zisizo na masharti, na pia haisemi lolote kuhusu fedha zilizokwisha kugeuka kuwa kompyuta au gari. Anza na mizania. Chukua jumla ya mali halisi, kisha punguza kimoja baada ya kingine.

Tuseme mali halisi yote ni 186,000. Ondoa 74,000 ambazo wafadhili wamezifunga kwa kazi maalumu au kwa muda maalumu, zinabaki 112,000. Ondoa thamani ya vitabuni ya majengo, magari na vifaa baada ya uchakavu (gharama ya kuchakaa kwao iliyokwisha kuandikwa), lakini kwanza toa mkopo uliobaki kwenye vitu hivyo. Vifaa vikiwa 52,000 na mkopo wake 12,000, kinachoondolewa ni 40,000; zinabaki 72,000. Ondoa amana ya pango na malipo ya awali kama bima ya mwaka, 6,000, kwa sababu hayo hayawezi kulipa mshahara, zinabaki 66,000. Ondoa 15,000 ambazo bodi yenyewe ilishazitengea ukarabati wa paa. Zinabaki 51,000. Hiyo ndiyo akiba huru ya uendeshaji.

Kuna mtego katika hatua hizo. Kama gari lilinunuliwa kwa ruzuku yenye masharti, na thamani yake bado imo ndani ya zile 74,000, usiliondoe tena kwenye vifaa. Na kama shirika halijaandika deni la likizo ambazo watumishi hawajazichukua, liondoe hapa, maana mtumishi akiacha kazi kesho, pale ambapo sheria au mkataba unataka likizo hizo zilipwe, atalipwa.

Sasa linganisha na sera ya akiba. Matumizi ya kawaida ni 240,000 kwa mwaka, bila uchakavu na bila vitu vya mara moja, yaani 20,000 kwa mwezi. Akiba ya 51,000 inatosha miezi miwili na nusu hivi. Kama sera inataka miezi miwili, yaani 40,000, basi kinachoweza kutumika bila kuvunja sera ni 11,000. Kama sera inataka miezi mitatu, hakuna cha kutumia. Shirika lina pengo la 9,000, na ziada ya mwaka jana tayari imeshapata kazi yake. Kutoka 38,000 zilizoshangiliwa kikaoni tumefika 11,000 au sifuri. Hesabu hii huchukua nusu saa, na sielewi kwa nini mashirika mengi hupitisha bajeti bila kuifanya.

Kiwango kinachotajwa mara kwa mara ni miezi mitatu hadi sita, lakini kisichukuliwe kama amri. Shirika linaloishi kwa ada za wanachama zinazoingia kila mwezi linahitaji kidogo kuliko lile linalosubiri ruzuku mbili kubwa zinazochelewa.

Sehemu inayopotosha watu wengi zaidi ni ruzuku ya miaka kadhaa. Katika baadhi ya mifumo ya uhasibu, ahadi isiyo na sharti ambalo shirika lazima litimize kwanza ili listahili fedha huandikwa yote kuwa mapato katika mwaka ilipotolewa. Mfadhili akiahidi 90,000 kwa kazi ya miaka mitatu, mwaka wa kwanza unaonyesha mapato 90,000 na matumizi 30,000, yaani ziada ya 60,000. Mwaka wa pili na wa tatu kila mmoja unaonyesha nakisi ya 30,000. Hakuna kilichoharibika na hakuna aliyefanya vizuri kupita kiasi; ni mpangilio wa kuandika tu. Atakayetumia ile 60,000 kuziba mapengo mengine ametumia mishahara ya mradi ya miaka miwili ijayo.

Kwa fedha za namna hii utaratibu ni tofauti, na unaruhusiwa kuonekana kwenye bajeti ya mwaka. Masharti yanapotimizwa, kwa maana ya kazi kufanyika au muda kufika, kiasi husika "hufunguliwa": kinatoka safu ya fedha zenye masharti na kuingia safu ya zisizo na masharti. Jono lake lina pande mbili zinazofutana, debiti "fedha zilizofunguliwa" kwenye safu yenye masharti, krediti jina hilohilo kwenye safu isiyo na masharti. Jumla ya shirika haibadiliki, lakini safu ya uendeshaji inapata 30,000 za kulipia matumizi ya mwaka huo. Nchini Marekani, kiwango cha uhasibu kilichotolewa 2016 kilipunguza makundi ya mali halisi kutoka matatu hadi mawili: yenye masharti ya wafadhili na yasiyo na masharti hayo. Fedha zilizotengwa na bodi yenyewe zinabaki kundi la pili, kwa sababu bodi iliyozifunga inaweza kuzifungua. Tofauti hiyo ni ya maana popote shirika lilipo. Sharti la mfadhili halifutwi na kikao cha ndani, hata kama wajumbe wote wamekubali.

Kuna pia fedha ambazo si ziada kabisa. Malipo ya awali ya ruzuku yenye sharti la kutimizwa, kwa mfano "tutalipa kwa kila mafunzo yatakayofanyika", ni deni mpaka mafunzo yafanyike. Yakae upande wa madeni. Na salio la ruzuku iliyofika mwisho wa mkataba mara nyingi hurudishwa, isipokuwa mkataba unaruhusu kulivusha au mfadhili ameridhia kwa maandishi. Soma kifungu cha salio kabla ya tarehe ya mwisho, kwa sababu barua ya kuomba kuvusha fedha au kuongezewa muda bila kuongezewa fedha hukubaliwa kwa urahisi zaidi mkataba ukiwa bado hai. Barua itaje mambo manne: kiasi kilichobaki, sababu ya kubaki kwake, kazi itakayofanywa, na tarehe ya kumaliza. Jibu la simu halitoshi. Mkaguzi anataka karatasi.

Kabla ya kuamua lolote, uliza ziada ilitoka wapi. Ikiwa imetokana na nafasi mbili za kazi zilizokaa wazi miezi mitano, hiyo ni ziada ya kweli, ingawa ya mara moja. Ikiwa imetokana na shughuli zilizosogezwa mbele, hiyo fedha ina mwenyewe: shughuli zitafanyika mwaka huu na zitadai malipo. Hali ni hiyohiyo kwa oda iliyotolewa Novemba na mzigo ukafika Januari. Gharama inaangukia mwaka huu ilhali fedha yake ilikuwa kwenye bajeti ya mwaka jana. Orodhesha ahadi za namna hii moja moja, kwa namba ya oda na kiasi, uziondoe kwenye hesabu ya akiba huru kabla ya kuiita huru.

Tatizo jingine ni wakati. Bajeti huandikwa miezi miwili au mitatu kabla mwaka haujafungwa, na ukaguzi hukamilika miezi kadhaa baadaye. Wakati wa kuandika, ziada ni makisio tu. Ankara za Desemba zinazofika Februari zinaipunguza, marekebisho ya mkaguzi yanaipunguza au kuiongeza. Njia ninayoiamini ni kupitisha bajeti mara mbili: kwanza bajeti ya msingi isiyogusa akiba hata kidogo, kisha nyongeza ya bajeti baada ya hesabu kukaguliwa, ikiwa na kiasi kilichothibitishwa. Pale jambo lisipoweza kusubiri, bodi iidhinishe sehemu tu ya kiasi kilichokisiwa, tuseme nusu, na iliyobaki ingoje.

Hata baada ya hapo, fanya jaribio la fedha taslimu. Akiba huru ya 51,000 kwenye mizania inaweza kuwa imekaa kwa wadaiwa, kwa mfano madai ya marejesho ambayo mfadhili hajayalipa. Andika mtiririko wa fedha wa miezi 12, mwezi kwa mwezi, ukitenganisha fedha za wafadhili zisizoguswa, kisha tafuta mwezi wenye salio dogo kuliko yote. Ukikuta mwishoni mwa Agosti, kabla ya mishahara, kutakuwa na 14,000 na mishahara ya mwezi ni 13,000, kutumia 11,000 mwezi Julai kutalifanya shirika lishindwe kulipa watu wake, ingawa mizania inasema lina akiba. Suluhisho huwa rahisi: kazi ile isogezwe mpaka awamu ya ruzuku ya Septemba iingie.

Kuhusu cha kununua, kanuni inajulikana na bado inavunjwa kila mwaka: fedha ya mara moja iende kwenye gharama ya mara moja. Kuhamia mfumo mpya wa hesabu, mafunzo, kulipa mkopo wenye riba kubwa, matengenezo yaliyoahirishwa, kufufua orodha ya wachangiaji, hivyo vyote vina mwisho. Kuajiri mtu kwa 1,000 kwa mwezi hakuna mwisho. Mwaka huu 12,000 zimetoka kwenye bakaa. Mwaka kesho zinahitaji chanzo kipya, na mwaka wa tatu chanzo hichohicho pamoja na nyongeza ya mshahara. Ninakubali mshahara ulipwe kwa akiba katika hali moja tu, nayo ni kuvusha mtumishi kwa miezi michache hadi ruzuku ianze, na mkataba wa ruzuku hiyo uwe umeshasainiwa. Matumaini ya ruzuku hayahesabiki.

Ukinunua kifaa kikubwa, kumbuka hakiingii chote kwenye matumizi ya mwaka. Gari la 9,000 litakalotumika miaka mitano bila thamani ya mwisho lina uchakavu wa 1,800 kwa mwaka. Likinunuliwa mwanzoni mwa Aprili, mwaka unaoishia Desemba utabeba 1,350 tu. Ukiandika 9,000 nzima kwenye bajeti ya uendeshaji, ripoti itaonyesha umebana matumizi kwa 7,650, na mtu ataona hapo fedha za kutumia tena. Weka ukurasa tofauti wa bajeti ya vitega uchumi na vifaa, uonyeshe fedha inayotoka akiba kwenda kwenye kifaa, na kwenye uendeshaji uache uchakavu peke yake.

Bodi ikishakubali, uamuzi uandikwe kwenye muhtasari kwa maneno yanayoweza kukaguliwa. Mfano unaotosha:

"Bodi inaidhinisha matumizi ya hadi 11,000 kutoka akiba huru ya uendeshaji, 7,000 kwa kuhamisha hesabu kwenda mfumo mpya na 4,000 kwa mafunzo ya watumishi, ndani ya mwaka wa fedha unaoishia tarehe 31 Desemba. Kiasi kitakachobaki tarehe hiyo kinarudi kwenye akiba huru bila uamuzi mwingine. Baada ya matumizi haya akiba inakadiriwa kuwa 40,000, sawa na miezi miwili ya uendeshaji."

Neno "hadi" lina kazi kubwa hapo. Bila hilo, kiasi kinasomeka kama lengo, na watu hujitahidi kulifikia.

Kwenye programu ya hesabu una njia mbili. Ya kwanza ni kuacha bajeti isomeke na nakisi ya 11,000, na mstari wa akiba ubaki kwenye ripoti ya bodi tu. Inafaa shirika dogo. Ya pili inahitaji programu inayogawa miamala kwa mifuko au madaraja, yaani mafungu ya fedha yanayohesabiwa kila moja peke yake. Fungua akaunti moja iitwe "Uhamisho kati ya mifuko", uiweke chini kabisa, baada ya mapato na matumizi ya kawaida. Kisha andika jono ndani ya akaunti hiyohiyo: debiti 11,000 mfuko wa akiba, krediti 11,000 mfuko wa uendeshaji. Kwa shirika zima akaunti inasoma sifuri, kwa hiyo mapato hayajavimba. Kwa mfuko wa uendeshaji inasoma 11,000, na safu ya "halisi" inapata kitu cha kulinganisha na bajeti. Anayetumia akaunti mbili tofauti, moja ya kuingia na moja ya kutoka, ajue kwamba siku moja upande mmoja utasahauliwa.

Usiandike uhamisho wote Januari. Uandike kila mwezi kwa kiasi kilichotumika kweli, ukiambatisha ankara. Kama akiba imewekwa kwenye akaunti tofauti ya benki, kuhamisha fedha ni debiti benki ya matumizi, krediti benki ya akiba, na hakuna mapato yoyote yanayoguswa. Makosa mengi hutokea hapa wakati miamala ya benki inapovutwa moja kwa moja: programu huona fedha imeingia na kupendekeza "mapato". Kagua kila muamala wa kuingia wenye kiasi kisicho na senti, maana uhamisho wa ndani mara nyingi huwa tarakimu kamili.

Mfadhili akiomba bajeti ya shirika, mpe hiyohiyo yenye nakisi, na chini yake maelezo ya sentensi mbili: nakisi imepangwa, inalipia kazi mbili za mara moja, imeidhinishwa na bodi tarehe fulani, na akiba inabaki ndani ya sera. Kutengeneza toleo la pili lililosawazishwa kwa ajili ya mfadhili ni hatari, kwa sababu hesabu zilizokaguliwa zitamfikia baadaye na hazitafanana na ulichompa.

Kila robo mwaka, mweka hazina alete kikaoni tarakimu tatu tu kuhusu jambo hili: akiba iliyoidhinishwa, iliyotumika, na akiba huru iliyopo sasa kwa miezi. Mapato ya mwaka yakizidi makisio, gharama zile zilipwe kwa mapato na akiba isiguswe, hata kama idhini ipo. Yakipungua, idhini isipanuliwe kimyakimya kufunika upungufu. Upungufu uletwe kikaoni kama jambo jipya. Desemba 31, kama ni 8,300 zilizotumika, 2,700 zinabaki kwenye mfuko wa akiba zilipokuwa, na kazi ya mafunzo iliyosalia inaombewa upya kwenye bajeti inayofuata, kwa kiasi chake na tarehe yake.